Maji ya rejeta yanaenda wapi, na upepo umeingilia wapi

Pita foleni ya Kimara jioni, au pale Mwenge mchana wa mwezi wa pili, hutakosa gari imepaki pembeni boneti juu, mvuke unatoka, dereva kasimama na kidumu mkononi anasubiri ipoe. Hicho kidumu ndo nataka tukiongelee leo. Watu wengi sana hapa Dar wanatembea na lita tano za maji kwenye buti, kila asubuhi anafungua rejeta, anajazia, anafunga, anaondoka, na ukimuuliza gari ina tatizo gani anakwambia haina tatizo, inakunywa maji kidogo tu. Mi nakataa kabisa hiyo kauli. Gari haitakiwi kunywa maji hata kidogo, na kila siku unayojazia bila kujua yale ya jana yameenda wapi unaisogeza injini yako karibu na kufumuliwa.

Elewa kwanza kwamba mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji hayachomwi kama petroli. Wota pampu inayasukuma yanaingia kwenye bloku, yanapanda kwenye silinda hedi, yanatokea mpira wa juu, yanaingia rejeta yanapoa, yanarudi kwa mpira wa chini, safari inaanza upya, maji yaleyale. Kwa hiyo yakipungua kuna njia mbili tu, ama yametoka nje ya mfumo ama yameingia ndani ya injini, hakuna njia ya tatu. Na pale maji yalipotokea nafasi yake haikai tupu, inaingia hewa, au upepo kama mafundi wanavyosema. Ndo maana nashangaa watu wanavyotenganisha haya mambo mawili, huyu anakwambia gari yangu inapoteza maji, yule anakwambia yangu ina upepo tumeutoa umerudi tena. Jamani ni ugonjwa mmoja huo. Upepo ukirudi baada ya kutolewa maana yake mlango bado uko wazi, na kazi ni kuutafuta mlango.

Mlango wa kwanza ambao karibu hakuna anayeuangalia ni mfuniko wa rejeta. Watu wanauona ni kifuniko tu, kama kimepotea ananunua chochote kinachoingia. Sasa ule mfuniko ni valvu mbili kwenye kitu kimoja. Ya kwanza, ile yenye springi kubwa, inashikilia presha, na juu ya mfuniko pameandikwa namba, 0.9 au 1.1 kwa gari nyingi ndogo za Kijapani. Hiyo ni presha juu ya ile ya hewa ya kawaida. Maji hapa Dar tuko usawa wa bahari yanachemka nyuzi 100, ila ukiyabana kwa presha ya namna hiyo hayachemki mpaka yafike kama 118 hadi 122, na ukiweka kulanti (ile dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji) nusu kwa nusu yanapanda zaidi ya hapo. Kwa hiyo mfuniko wenye springi iliyochoka unaweza kukupunguzia hadi karibu nyuzi 20 za usalama, na hakuna taa itakayowaka kukwambia. Valvu ya pili ni ndogo, iko katikati kwa chini, ukiivuta kwa kucha inafunguka. Hiyo kazi yake ni injini ikishapoa. Maji yakipoa yanasinyaa, ndani panakuwa na mvuto, ile valvu inafunguka na maji yaliyokuwa yamesukumwa kwenda kwenye rizava yanavutwa kurudi rejeta. Ikiganda kwa kutu, hayarudi, na utaona mpira wa juu asubuhi umebonyea.

Hapa ndipo rizava inapowadanganya watu wengi. Mtu anafungua boneti, anaangalia kile kitanki cha plastiki cha pembeni, anaona maji yako kati ya alama ya juu na ya chini, anafunga na roho yake nyeupe. Kumbe rejeta yenyewe iko nusu. Rizava inarudisha maji kwa kuvutwa kupitia kimpira chembamba, ni sawasawa na kunywa juisi kwa mrija, mrija ukiwa na ufa hata kidogo juu ya juisi unavuta hewa tu na juisi inabaki ilivyo kwenye glasi. Kwa hiyo rizava iliyojaa siku zote, haipandi gari ikiwa ya moto wala haishuki ikipoa, usiifurahie, hiyo ni dalili. Gari isiyo na tatizo injini ikipata moto maji ya rizava yanapanda kidogo na asubuhi yanashuka. Ukitaka kujua ukweli fungua mfuniko wa rejeta wenyewe asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, maji yanatakiwa yawe juu mpaka shingoni. (Gari ambazo rizava yenyewe ndo ina mfuniko wa presha, kama nyingi za Kijerumani, hizo hazina hii habari ya mrija, unasoma kwenye kitanki chenyewe.)

Na narudia kwa wanaosoma haraka haraka, injini ikiwa BARIDI. Ule mfuniko ukiufungua gari ikiwa ya moto, maji ya nyuzi 110 yaliyokuwa yamebanwa yanapoteza presha ghafla na yote yanataka kuwa mvuke kwa wakati mmoja, yanaruka mpaka usoni. Kitambaa hakikukingi na hilo. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu na kuuminya bila kusikia moto wala ugumu.

Sasa upepo ukishaingia unafanyaje. Hewa ni nyepesi inapanda juu, na sehemu ya juu kwenye injini nyingi ni silinda hedi, yaani palepale penye moto kuliko kote, halafu pia kwenye kile kirejeta kidogo cha hita nyuma ya dashibodi. Povu la hewa likikaa kwenye hedi, chuma pale hakipati maji, kinapata mvuke, na mvuke haubebi joto kama maji. Wota pampu nayo ikikutana na hewa inazunguka bure haisukumi kitu. Ndo unaona mambo ya ajabu, mshale unapanda ghafla karibu na nyekundu halafu unashuka wenyewe, mpira wa juu unaunguza na wa chini wa baridi, unasikia kama maji yanatiririka nyuma ya dashibodi ukikanyaga mafuta. Na kuna baya zaidi ya yote, sensa ya joto imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakishuka mpaka sensa ikabaki hewani inaweza kusoma joto dogo kuliko lililopo. Mtu anakwambia gari imekufa gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku na silinda hedi) na mshale ulikuwa katikati, na mimi namwamini kabisa.

Mbaya zaidi gari nyingi ndogo tunazoagiza hazina hata huo mshale, zina kitaa cha bluu ikiwa baridi na chekundu ikishachemsha, katikati hapo kimya. Mwenye gari ya hivyo namshauri atafute kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya daignosisi chini ya usukani kinachoongea na simu, kinakuonyesha nyuzi joto live. Kwenye gari nyingi ukiwa umesimama na injini inaunguruma utaiona inacheza kati ya 85 na 95 na kitu, inapanda, feni inaita, inashuka, feni inazima. Huo mchezo wa kupanda na kushuka taratibu ndo afya. Ukiona inaruka kutoka 90 mpaka 105 kwa sekunde chache halafu inarudi, maji hayapati moto kwa kasi hiyo, hilo ni povu linapita kwenye sensa.

Halafu hita. Dar hakuna anayewasha hita, wengi hawajawahi hata kugusa ile swichi tangu gari itoke bandarini, na ndo maana tunakosa kipimo cha bure kabisa. Gari ikishapata moto, weka joto mwisho kwenye nyekundu, feni ya ndani namba kubwa. Ikitoa hewa ya moto kweli, maji yanafika kule. Ikitoa ya baridi wakati injini ina moto, au ikitoa ya moto ukikanyaga mafuta na ya baridi ukiachia, basi maji ni pungufu au kuna povu limekaa. Utatoka jasho kwa dakika mbili, vumilia. Na siku ukikwama kwenye foleni unaona joto linapanda, zima AC fungua vioo washa hita mwisho, unakuwa umeongeza rejeta ndogo ya pili mpaka upate pa kupaki. Ila ikishagusa nyekundu acha, zima, hakuna cha kujikongoja mpaka nyumbani.

Jirani yangu mmoja Kimara, mwalimu mstaafu, ana Toyota Raum yenye injini ya 1NZ. Ilimsumbua muda mrefu. Anajaza asubuhi, jioni akifika kwenye foleni joto linapanda. Gereji ya kwanza wakatoa themostati, kile kivalvu kinachofunguka injini ikipata moto maji yapite rejeta, wakamwambia huku kwetu joto haihitajiki. Ikawa vilevile. Wakaunga feni dairekti, ikawa inazunguka muda wote tangu anapowasha, ikapunguza kidogo halafu ikarudi kulekule. Gereji nyingine wakamwambia gasketi ya hedi imekwenda, washushe hedi. Hapo ndo akaniita.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Hebu njoo mwanangu uniangalizie, hawa wanataka kuifumua na mimi hata maji hayajachanganyika na oili."

Alikuwa ameshachomoa stiki ya oili mwenyewe akaifuta kwenye karatasi nyeupe, oili safi haina rangi ya chai ya maziwa. Mwalimu ni mtu wa kutaka ushahidi. Nikampigia fundi mmoja mtu mzima ambaye kazi zake ziko Gerezani, kule jirani na Kariakoo, namheshimu kwa sababu hafungui kitu kabla hajapima. Akaja asubuhi, salamu, akasema Mwalimu naomba usiiwashe kwanza.

Akafungua mfuniko wa rejeta, maji yako chini kama kina cha vidole vinne, na rizava imejaa. Akatabasamu akaniambia angalia hapo, maji yapo lakini hayarudi. Akajazia mpaka shingoni, akatoa pampu yake ya mkono yenye geji, ina kichwa kinachofunga pale pale penye mfuniko, akapampu mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, akaiacha. Tukakaa tukanywa chai ya mama. Robo saa mshale wa geji haujashuka hata unywele. Kwa hiyo rejeta nzima, mipira mizima, wota pampu nzima, kirejeta cha hita kizima, na hata gasketi kama ingekuwa inavujisha kwa kiasi cha kupoteza maji kila siku pale ungeona mshale unalala. Hapo gereji nyingi wangekata tamaa waseme haivuji. Yeye akachukua mfuniko wenyewe, akaufunga kwenye pampu kwa kiunganishi chake, akapampu, ukaachia kwenye 0.5. Umeandikwa 1.1.

Halafu akainama akashika kile kimpira chembamba kinachotoka shingo ya rejeta kwenda rizava, akakikunja kwa vidole palepale chini ya klipu, ufa ukafunguka, mrefu kama punje ya mchele. Kuzunguka hapo kwenye plastiki ya juu ya rejeta kulikuwa na unga mweupe umeganda, chumvi. Mwalimu anatumia maji ya kisima na visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, na hiyo chumvi ndo imeandika kila kitu. Maji yalikuwa yanaachiwa mapema na mfuniko mbovu, yanapita kwenye kimpira, kiasi yanamwagikia kwenye ufa juu ya rejeta ya moto yanakauka hapohapo ndo maana hakukuwa na dimbwi chini hata siku moja, halafu usiku injini ikipoa ule ufa unavuta hewa badala ya maji ya rizava. Kila siku maji yanapungua, upepo unaongezeka, na rizava imejaa pale pembeni. Injini ilikuwa inataka mfuniko na kimpira, vitu vya bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo mzima, na walishaanza kuongea bei ya kushusha hedi. Iliniuma sana hiyo, na bado inaniuma kwa sababu najua si Mwalimu peke yake.

Kwa hiyo ukianza kutafuta, anza asubuhi gari ikiwa baridi na una tochi. Usitafute maji, tafuta alama yake, maji yenyewe yanakauka kwenye chuma cha moto lakini yanaacha unga mweupe, au wa kijani au wa pinki kama unatumia kulanti. Angalia mshono ambapo plastiki ya rejeta inakutana na aluminiamu, zile plastiki zinapasuka kwa uzee. Angalia kila klipu ya mpira. Angalia chini ya wota pampu, kuna katundu kadogo kamewekwa makusudi, sili ya ndani ikianza kuchoka maji yanatokea hapo kukutahadharisha, ukiona michirizi mikavu imeteremka kutoka kwenye hako katundu pampu imeshaaga, na mtu asikudanganye kukaziba na gundi. Kapeti upande wa abiria nalo lishike kwa mkono. Kama limelowa na linateleza kidogo na kuna harufu tamu tamu, kirejeta cha hita kinavuja. Kama ni maji tu hayana rangi wala harufu, uwezekano mkubwa ni paipu ya kutolea maji ya AC imeziba. Na yale matone chini ya gari ukiwa umepaki na AC imefanya kazi hayana shida kabisa, nasema hivi kwa sababu hapa Dar AC haizimwi na nimeona watu wanabadilisha rejeta kwa sababu ya maji ya AC. Gusa, nusa, lakini usionje, kulanti ni sumu japo ladha yake tamu, na iliyomwagika usiiache watoto au mbwa waifikie.

Macho yasipoona kitu, tafuta mwenye pampu ya presha. Sio kila gereji wanayo lakini ipo mjini, na mimi nikifika gereji na tatizo la maji halafu hakuna anayetaja hiyo pampu naondoka kwa heshima.

Presha ikishuka na nje hakuna tone, au ikikaa vizuri ikiwa baridi na bado maji yanapotea, ndo unaanza kuitazama gasketi ya hedi. Dalili zake ziko nyingi na hazitokei zote pamoja, hilo liwe wazi. Wengi wanasubiri oili iwe ya maziwa ndo waamini, wakati gasketi inaweza kupasuka kati ya silinda na njia ya maji tu, oili haiguswi kabisa. Hapo kinachotokea ni moto wa silinda unasukuma gesi kwenye maji. Washa gari asubuhi, baada ya dakika moja au mbili shika mpira wa juu, kama umeshakuwa mgumu wakati maji hata hayajapata vuguvugu, hiyo presha haijatoka kwenye joto. Toa plagi zote uzipange, moja ikiwa safi inang'aa kuliko wenzake, silinda yake inaoshwa na mvuke. Moshi mweupe mzito usioisha hata gari ikishapata moto nao unahesabika, ila ule kidogo wa asubuhi ya baridi ni unyevu wa kwenye eksozi tu. Na kuna ile dawa ya bluu ya kupimia, unaiweka kwenye kichupa juu ya shingo ya rejeta, inavuta hewa iliyoko juu ya maji, ikibadilika kuwa njano kuna gesi ya moshi kwenye maji, kwa injini za petroli haibishaniwi sana. Hakikisha tu haivuti maji yenyewe ikachanganyika.

Mapovu rejetani ndo yanawapoteza wengi. Ukishajaza maji upya mapovu lazima yatoke, ndo upepo wenyewe unaondoka, hiyo siyo gasketi. Mapovu ya gasketi hayaishi. Themostati imefunguka, maji yanazunguka, usawa umetulia, umeshajazia mara kadhaa, na bado yanakuja, tena ukikanyaga mafuta yanaongezeka. Yape nafasi ya kuisha kabla hujamhukumu mtu hedi. Na ikithibitika ni gasketi, hedi ikishuka lazima ipimwe kwa rula ya chuma na feeler geji (vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo), siku hizi hedi za gari ndogo karibu zote ni aluminiamu na zikichemshwa zinapinda, injini nyingi ndogo kikomo kinachoruhusiwa ni kama 0.05 ya milimita, jicho halioni kitu hicho. Fundi anayeweka gasketi mpya juu ya hedi ambayo haijapimwa atakuona tena.

Kutoa upepo sasa. Inahitaji subira tu. Ile Raum tuliitolea palepale Kimara ambako vilima havikosekani, tukaipaki pua juu, kwa sababu hewa inapanda na tunataka shingo ya rejeta ndo iwe mahali pa juu kuliko kote. Hita ikafunguliwa mwisho kwenye moto. Fundi akakata kitako cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, akazungushia mdomo wake kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka ukabana kwenye shingo ya rejeta, chupa imesimama juu chini, akaijaza nusu. Hiyo chupa inafanya kazi nzuri sana, maji yanakuwa juu ya kila kitu, povu likitoka maji yanashuka yenyewe kuchukua nafasi. Gari ikawashwa ikaachwa iungurume. Mwanzoni povu moja moja kubwa, blup, kisha kimya kirefu, halafu themostati ilipofunguka maji kwenye chupa yakashuka ghafla, likafuata kundi la mapovu madogo madogo. Yeye anauminya mpira wa juu taratibu kwa kitambaa, anauachia, anauminya. Feni ikaita, ikazima, ikaita tena. Hewa ya hita ikawa inaunguza. Mapovu yakakoma. Akazima akasema hatufungui kitu mpaka ipoe, tukasubiri mpaka ikapoa kweli, akatoa chupa, mfuniko mpya, rizava mpaka alama ya juu.

Themostati mpya tuliirudisha kabla ya hapo. Hili la kutoa themostati kwa sababu ya joto la Dar naomba liishe. Kwanza inafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, 1NZ ni kati ya 80 na 84, ikishafunguka maji yanapita, joto la nje la 32 halihusiani kabisa. Pili, injini nyingi themostati ikifunguka inaziba njia ya mkato ambayo maji yanapita bila kufika rejeta, ukiitoa ile njia inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji hayapoi kabisa. Halafu barabarani usiku injini inakaa baridi, kompyuta inaongeza petroli, unalalamika gari inakula mafuta. Una wasiwasi na themostati? Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto, angalia ikifunguka kabla maji hayajachemka na ikijifunga yakipoa. Dakika kumi. Na utakapoirudisha angalia kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye katundu pembeni yake, kile ni mlango wa hewa, kinatakiwa kikae juu. Ukikiweka chini, umefungia upepo nyuma ya themostati na utakaa siku nzima unauminya mpira.

Gari hazifanani katika hili. Noah zile old model na gari zenye injini chini ya viti, hasa zenye hita ya nyuma, mipira yake ni mirefu na upepo una pa kujificha, washa hita zote mbili na usiharakishe. Subaru nyingi zina kiskrubu cha kutolea hewa juu ya rejeta upande wa pili na mfuniko, watu wanajaza bila kukigusa halafu wanasema Subaru ina mapepo. Na gari zenye wota pampu ya umeme kama baadhi ya BMW zina utaratibu wake wa kuwasha pampu bila injini, usilazimishe njia ya Raum.

Kuhusu cha kuweka humo ndani, watu wanasema kulanti ni ya nchi za barafu. Kule kweli inazuia kuganda, huku inazuia kutu na kupandisha nyuzi za kuchemka na kutunza sili ya wota pampu, na vyote vitatu tunavihitaji. Changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale ya betri yasiyo na asidi, soma kopo vizuri usije ukachukua asidi. Nyingine zimeshachanganywa tayari hazitaki maji. Kulanti tupu bila maji nayo inabeba joto vibaya, usidhani ukiweka nyingi ndo bora. Maji ya kisima chenye chumvi yaache kwa dharura tu, na ukifika ulikokuwa unakwenda yamwage.

Na wanaopanga kupanda na gari nyanda za juu kusini, hili suala la mfuniko liangalieni kabla ya kuondoka. Mlima Kitonga unapanda taratibu nyuma ya malori, injini inafanya kazi kubwa na hewa ya nje inayopoza rejeta ni ndogo, halafu ukiendelea mbele ya Iringa mpaka maeneo ya juu ya Mafinga huko maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Themostati yako inakaribia kufunguka mwisho kwenye joto hilohilo. Mfuniko uliokufa ambao Dar ulikuwa unakuchemshia kwenye foleni tu, kule utakusimamisha mlimani.

Ukishatengeneza, usiirudishe gari kazini ukasahau. Weka alama kwa kalamu ya maka kwenye rizava usawa wa maji ukiwa baridi. Wiki ya kwanza fungua mfuniko wa rejeta kila asubuhi kabla hujawasha, siku mbili tatu za mwanzo kushuka kidogo ni kawaida, vipovu vya mwisho vinatoka, jazia kwenye rizava. Baada ya hapo usawa unatakiwa usimame palepale. Ukiendelea kushuka unarudi na tochi, mara hii unatafuta pengine. Ya Mwalimu ilishuka kidogo siku mbili za kwanza halafu ikatulia, feni ameirudisha kwenye waya wake wa kawaida, na kile kidumu sasa hivi mke wake anamwagilia mchicha.